Mguu wa kulia wa mke wangu

Agosti ya mwaka juzi tulikwama kwenye barabara kuu ya I-35, hapa San Antonio, Texas, kwa dakika 50. Lori lilikuwa limelala ubavu huko mbele, magari yamesimama njia zote, hewa nyuzi 40. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Pikipiki yetu ni Harley-Davidson Electra Glide ya mwaka 2012, injini yake cc 1,690, inapozwa na hewa tu. Ikitembea hupati shida nayo. Ikisimama kwenye foleni inageuka jiko, nawe umelikumbatia kwa mapaja. Sheria ya Texas hairuhusu pikipiki kupenya katikati ya mistari ya magari, kwa hiyo unasubiri kama wanavyosubiri wenye magari, ila wao wana AC.

Tulipofika nyumbani alishuka bila kusema neno. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akapandisha suruali ya jinzi mguu wa kulia. Kwenye shavu la mguu palikuwa na baka jekundu, kubwa kama kiganja, na katikati yake lengelenge limeshaanza kuvimba. Alikuwa amevaa jinzi nzito na buti. Hakugusa bomba hata mara moja.

"Baba, mimi sipandi tena," akasema. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba, ana Honda 110 ya kazini, na sisi watoto wote tuliopandishwa pale nyuma tulitoka na alama ya ekzosi mguuni. Tulionyeshana alama zile shuleni. Nadhani ndiyo sababu nilikaa na pikipiki hii miaka mitatu nikiamini kuungua ni sehemu ya safari, na mke wangu aliponiambia mguu unawaka nilimjibu avute subira, tukianza kutembea upepo utapoza. Nilikosea, na kosa hilo limebaki kwenye ngozi ya mtu ninayempenda. Alama haijafutika mpaka leo.

Mbaya zaidi, joto ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Kuanzia Mei hadi Oktoba niko juu ya mapaa ya watu nikihamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Fundi wa viyoyozi hakuna asubuhi anayoamka akasema leo nitaliua joto. Joto haliuawi. Unatafuta linatoka wapi, linapita njia gani kukufikia, halafu unalipatia njia nyingine. Nilikuwa nafanya hivyo kwenye nyumba za watu kila siku, na pikipiki yangu mwenyewe sikuwahi kuipima.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaipima. Nikaitoa nje ya gereji, nikaiacha kwenye sailensa, inaunguruma bila kuvutwa mafuta, robo saa, nikachukua kile kipimajoto cha kulenga ninachotumia kazini. Nikalenga bati la kromu linalofunika bomba upande wa kulia: nyuzi 61. Nikajua hapo hapo nadanganywa. Kromu inang'aa kama kioo, na kipimajoto cha aina ile kikilenga kitu kinachong'aa kinasoma zaidi joto la vitu vilivyo pembeni kuliko la kitu chenyewe. Nikachukua masizi kwenye jiko letu la kuchomea nyama, nikapaka alama nyeusi nane, kila moja ukubwa wa sarafu, kuanzia mdomo wa silinda mpaka mafla. Nikalenga tena palepale. Nyuzi 163. Kama umewahi kupima pikipiki yako kwa kulenga kromu tupu ukatulia, rudia na masizi. Yanafutika kwa kitambaa.

Ramani ya masizi yale ilinifundisha zaidi ya miaka mitatu ya kulalamika. Silinda ya mbele ilikuwa nyuzi 128, ya nyuma 149. Hilo linaeleweka ukiitazama injini kutoka ubavuni: silinda mbili zimepanda kama herufi V, pembe ya nyuzi 45 kati yao, ya mbele inakula upepo wote na ya nyuma imejificha mgongoni mwake, chini kabisa ya siti. Ya nyuma ndiyo inayopika mapaja ya dereva. Lakini mke wangu hakuungua paja, aliungua shavu la mguu, na sehemu iliyokuwa moto kuliko zote haikuwa silinda. Ilikuwa ule uvimbe kwenye bomba, upande wa kulia, pale mabomba mawili yanapokutana. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi wa injini (catalytic converter), yamo mle.

Mafundi wa nyumbani masega mnayajua, mnakutana nayo kwenye magari ya Japani. Kwenye Harley za safari za kuanzia 2010 yamewekwa ndani ya makutano ya mabomba, mbele kabisa, karibu na injini, kwa sababu masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto mkali wa mamia ya nyuzi. Yakikaa karibu na injini yanawahi kupata moto. Kwa hewa ya mji ni jambo jema. Kwa mguu wa kulia ni kukaa ubavuni mwa jiko la mkaa.

Na nasema jiko la mkaa kwa makusudi. Ukiota moto pembeni ya jiko, upepo unaweza kuwa unapeleka moshi upande wa pili na bado ugoko wako unawaka. Joto lile halibebwi na hewa. Linatoka kwenye kaa kama mwanga, linakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kitu kinacholizuia. Ndiyo maana vile vioo na mabawa ya plastiki ya kuelekeza upepo, ambavyo nilishavinunua viwili, havikumsaidia mke wangu chochote kwenye foleni. Nilikuwa napeperusha moshi wakati kaa lenyewe liko wazi.

Duka moja la pikipiki lilinipa jibu la haraka: kata masega, weka bomba tupu, weka programu mpya ya mafuta. Wengi wanafanya. Mimi nilikataa. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuyatoa, na sheria hiyohiyo ndiyo inayonitaka niwe na cheti cha kushika gesi za viyoyozi. Siwezi kulinda anga juu ya paa la mteja halafu nikashuka chini nikaichafua. Tena ninakaa mtaa wenye watoto wenye pumu.

Nikajaribu kitambaa cha kuzungushia bomba, ile bandeji ya nyuzi za mawe. Kwa wiki mbili niliona nimepata. Baada ya majira ya baridi na mvua zake nikaifungua, nikakuta bomba limeota kutu ya mabaka chini yake, kwa sababu bandeji inashika maji kama sponji. Sitaitumia tena, na kama umeifunga kwenye yako ifungue uangalie.

Kilichofanya kazi ni bati. Mabati mawili membamba ya alumini, kila moja refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, nimeyakunja kufuata mviringo wa bomba, yameachana na bati la kromu kwa nafasi ya kidole, na yenyewe yameachana kwa nafasi ya kidole. Nimeyashika kwa klipu za chuma cha pua, zile za kubania mpira wa rejeta, na vipande vya bomba jembamba kama nguzo za kuyatenganisha. Nafasi ndiyo siri yake. Bati la kwanza likipata moto linaurudisha mwingi kwenye bomba, hewa inapita katikati inazoa uliobaki, na bati la pili linapata masazo tu. Ukiyabana yakagusana umetengeneza bomba nene zaidi, basi. Kabla ya mabati, jinzi niliyoijaza mchanga na kuiweka pale unapokaa mguu wa abiria ilifika nyuzi 51 ndani ya dakika kumi. Baada ya mabati, 43. Kisha nikapandisha vibao vyake vya kukanyagia tundu moja juu, mguu ukasogea mbali na bomba kwa sentimita mbili na nusu hivi, ikawa 41.

Kwa mapaja yangu mimi, dawa ilikuwa rahisi zaidi. Ile ngozi ndogo inayoning'inia chini ya siti kuziba mwanya kati ya fremu na silinda ya nyuma ilikuwa imechanika, nikaweka mpya. Yale mabawa madogo ya fremu nikayageuza yatazame nje ili yavute hewa baridi kuja kwenye magoti badala ya kuusukuma moto wa injini uje kwangu. Oili nimehamia ya sintetiki, 20W-50, lakini hiyo ni kwa afya ya injini. Oili haipoozi mguu, usidanganyike.

Halafu kuna kitu ambacho pikipiki yangu ilikuja nacho kutoka kiwandani na sikukijua miaka mitatu. Injini ikishapata moto sana na umesimama, ina uwezo wa kukata mafuta ya silinda ya nyuma na kubaki ikipumua kwa ya mbele peke yake. Ili kuuwasha uwezo huo unafungua swichi bila kuwasha injini, unasukuma mkono wa mafuta mbele, kinyume na unavyovuta, unaushikilia kama sekunde tatu mpaka taa ya kruzi, ile ya kushikilia mwendo, iwake kijani. Ukirudia unauzima. Siku ya kwanza utaogopa, maana injini inaanza kuchechemea kama inataka kuzimika. Iache. Ukivuta mafuta kuondoka, silinda ya pili inarudi kazini. Kwenye foleni fupi inasaidia kweli. Kwenye foleni ndefu mimi siku hizi nazima kabisa, nateremka, nasukuma.

Feni nayo niliijaribu, ile inayofungwa upande wa kushoto kupulizia silinda, wanayoipenda wanaotembea taratibu kwenye maandamano. Injini ilipoa, sina ubishi. Lakini hewa ikipulizwa kushoto inatokea kulia, nayo imeshabeba moto wa silinda mbili. Mguu wa kulia tena! Nikaifungua siku ileile.

Ningeishia hapo kama si jirani yangu.

Ni mzee, mwanajeshi mstaafu, ana Harley Tri Glide ya 2011, ile ya magurudumu matatu. Alihamia kwenye traiki magoti yalipomkataa. Injini ni kama yangu na masega yako palepale. Jioni moja mwezi Aprili alikuja akichechemea kidogo, buti mkononi. Kisigino cha buti la kulia kilikuwa kimeyeyuka upande wa ndani, mpira umevutika kama ubani wa kutafuna. Akavua soksi. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka. Alikuwa ametoka Austin, saa mbili barabarani na foleni juu, na hakusikia kitu. Kisukari kimemnyang'anya hisia za miguu tangu zamani. Aligundua mkewe alipouliza ni nini kinanuka.

Jambo hili linanikosesha usingizi, kwa sababu traiki zinanunuliwa hasa na watu wa umri wake, na wengi wao wana miguu kama yake. Na traiki yenyewe inawafunga pale kwenye moto. Mimi nikisimama kwenye taa nashusha miguu yote chini, mbali na injini, kwa lazima, la sivyo naanguka. Yeye haanguki. Miguu yake inabaki kwenye vibao dakika zote, taa baada ya taa. Wa kushoto anaweza kuunyoosha mbele kwenye vile vyuma vya kupumzishia, ukakaa kwenye hewa safi. Wa kulia hauruhusiwi kwenda popote, uko kwenye pedali ya breki. Kwa hiyo mguu pekee usioweza kukimbia ndio uliopangwa kando ya masega. Na kwa mtu ambaye mguu huo hausemi, hakuna kengele.

Kumtengenezea mabati kulichukua asubuhi moja. Kengele ilichukua wiki tatu. Nilichukua waya mwembamba wa kupimia joto, ule ninaoufunga kwenye mabomba ya gesi kazini, nikaushona kwenye mkanda mpana wa lastiki anaouvaa juu ya soksi, ndani ya buti, ncha ikitazama bomba. Waya unapanda ndani ya suruali mpaka kwenye kipima kidogo nilichokifunga kwenye usukani, chenye namba kubwa na mlio. Nikakitega nyuzi 43. Ngozi inaweza kustahimili joto hilo muda mrefu bila kuungua. Juu ya hapo muda unapungua haraka sana. Kwenye nyuzi 60 ni sekunde chache tu. Mlio ukianza anazima injini kama amesimama, au anatafuta pa kusimama kama anatembea. Tumekubaliana pia kwamba kila wanapotia mafuta mkewe anamkagua mguu kwa macho, soksi imevuliwa. Daktari wake wa miguu amesema ukaguzi huo usiachwe hata akiwa na kengele.

Tangu Aprili imelia mara kumi na moja. Mara kumi na moja ambazo asingejua.

Mke wangu aliyaona yote hayo kutoka barazani. Mwezi Juni akaniambia, "Haya, nipeleke mahali. Lakini mbali na I-35."

Tukaenda magharibi kwa barabara ya US-90: Uvalde, Del Rio, mpaka daraja la mto Pecos. Huko hewa ni kavu na jua halina huruma, na huko ndiko nilikokumbuka kwamba kuna joto lisilotoka kwenye injini kabisa. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi inakuwa moto kuliko ngozi yako, na upepo unaouvuna kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa haukupoozi tena, unakukausha kama dagaa. Wapanda pikipiki wengi hapo ndipo wanapovua jaketi. Ni kosa. Mama yangu alikuwa na mtungi wa udongo pale uani Ngamiani, na maji yake yalikuwa baridi mchana kutwa kwa sababu mtungi ulitokwa jasho na upepo ulilichukua taratibu. Sisi tulifanya vilevile. Fulana za pamba tulizilowesha kwenye sinki la kituo cha mafuta mpaka zikadondoka maji, tukavaa majaketi juu, zipu karibu zote zimefungwa, tumeacha mwanya shingoni na kwenye mikono tu. Fulana inakauka baada ya kama dakika 50, na hapo ndipo pa kusimama, kunywa maji na kulowesha tena. Njia hii kwenye unyevu wa Houston isingefaa sana, wala Tanga yenyewe wakati wa kaskazi. Kule Del Rio mke wangu alisema anasikia baridi mgongoni. Nyuzi 39!

Kwenye daraja la Pecos tulisimama sehemu ya kutazamia. Mto uko chini sana, zaidi ya mita 80, kijani kati ya kuta za mawe. Nilikuwa natazama korongo. Yeye alishafungua begi, ametoa kipimajoto. Akajilenga mguu wa kulia mwenyewe, juu ya jinzi.

"Thelathini na nane," akasema. Akageuka, akalenga wa kushoto. Akalenga tena. "Huu je? Arobaini na mbili."

Nikachuchumaa kutazama. Kuna bomba linavuka chini ya pikipiki kwenda kulisha mafla ya kushoto, na mwaka mzima sikulipaka masizi hata tone. Nimeagiza bati jingine. Jumamosi hii jirani anakuja na traiki yake, tunapima upande wa kushoto wa zote mbili, na mke wangu amesema kipimajoto atashika yeye.